Neno Lililonikwama Kooni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tukila chakula cha mchana nje ya stoo ya nafaka pale Soy, sisi wanawake tuliokuwa tukichambua maharagwe na wanaume waliobeba magunia. Niliinamisha kichwa kushukuru. Wafula, mbebaji aliyewashinda wote kwa nguvu, akasema, "Mama Kanisa, amka, ugali inapoa." Wote wakacheka, hata wale tuliosali nao Jumapili. Nilikuwa msichana tu, nimetoka Kakamega kutafuta kazi, na aibu ilinishika hata nikawa naomba macho wazi, ili mtu asijue.

Mvua ya mwaka ule ilipozidi, magunia yaliyopangwa hadi karibu na paa yaliporomoka yakamwangukia Wafula mgongoni. Alirudishwa kutoka hospitali hadi chumba alichopanga na mkewe, Nafula, miguu haina kazi tena. Wenzetu walimtembelea kidogo, kisha wakaacha. Ugonjwa mrefu huchosha marafiki. Mimi nilimpelekea uji nikitoka kazini. Niliuweka, nikazungumza habari za mvua na mahindi, nikaondoka. Nilimwona akikonda, vidonda vya kulala vikianza kunuka, na neno nililotaka kumwambia likanikwama kooni.

Mama Jeptoo, mzee wa kanisa letu, aliniuliza kama nimewahi kumwambia Wafula habari za Yesu.

"Mama, mimi si mhubiri," nikajibu. "Atanicheka."

"Na akikucheka, utakatika mkono?" Hakutabasamu. "Unampelekea uji, lakini yule aliyekupa moyo wa kuupeleka unamficha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yule hana siku za kungoja."

Jioni ile nilienda kwake. "Wafula, nataka kukuombea," nikamwambia, "lakini naogopa utanicheka."

"Nitacheka na mbavu gani?" Kisha akanikazia macho. "Huyo Mungu yako alikuwa wapi magunia ikianguka?"

"Sijui," nikasema, kwa sababu kweli sikujua. Nikamweleza lile nililolijua: mama yangu alivyokufa akijifungua, nami nikatamani kumfuata, na jinsi Yesu alivyonishika wakati sikuwa na mwingine wa kunishika. Maneno yalitoka vipande vipande. Wafula akageuzia uso ukutani.

"Enda nyumbani," akasema.

Nililia njia nzima, nikiamini nimeharibu. Kesho yake, kabla sijaweka uji chini, akaniambia, "Ile stori ya jana, malizia." Nikamalizia. Tukaendelea hivyo, yeye akiuliza, mimi mara nyingi nikikosa jibu, hadi jioni moja akaomba mwenyewe kwa Kibukusu, lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayeongea na jirani. Mwili haukupona, mwanangu. Nisikudanganye. Alikufa kabla mahindi hayajakomaa.

Tulipokwisha kumzika, Nafula alinivuta kando. "Kuna kitu ilimsumbua mpaka mwisho," akasema. "Aliniuliza, 'Kwa ile stoo karibu wote ni watu wa kanisa. Mbona miaka yote walininyamazia?'" Hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Nilitazama wale wenzangu wakipangusa udongo viatuni.

Basi sikia, mwanangu. Usingoje woga uondoke ndipo useme; sema hata ukiwa bado umekukalia kifuani. Usimpige mtu kwa mistari ya Biblia, wala usijifanye unajua usilolijua. Mwambie ulilotendewa, kisha kesho rudi na uji. Akikufukuza, hukupoteza kitu. Ukinyamaza, huenda akafa akidhani hukuwa na la kumwambia, na maji yakimwagika hayazoleki.

Bwana akufungue kinywa. Akupe miguu ya kurudi kwenye mlango ulikofukuzwa, na asikuache usimame kando ya kaburi la mtu uliyemnyamazia.