Mwalimu Badru na Mawimbi ya Uvutano

Mwalimu Badru wa Tandika alifundisha fizikia miaka mingi hata mkewe, Nunu, akaijua nadharia ya uhusianifu, ingawa aliijua kwa kuichoka.

Mwaka 1993 walikuwa na ubishi mmoja tu ndani ya nyumba. Badru alisoma katika jarida la maktaba kwamba uvutano husafiri kwa mawimbi, kwa mwendo wa mwanga, na kwamba mabingwa walizozana miongo kadhaa kama mawimbi hayo yapo kweli au ni mchezo wa hesabu. Yeye alishikilia kuwa yapo.

"Jua likitoweka sasa hivi," alisema, "dunia itaendelea kulizunguka dakika nane nzima, haina habari. Sababu hutangulia, tokeo hufuata. Hakuna kinachofika bila kusafiri."

"Mie mengine hunifikia tu," alijibu Nunu, akipepeta mchele.

"Unabahatisha."

"Haya, baba. Kabishane na mabingwa wako, mie niache nipike."

Alhamisi moja mchana, Abdulsamad mwenye duka, ambaye simu yake ndiyo ilikuwa simu ya mtaa, alimvuta Badru pembeni.

"Mwalimu, wamepiga kutoka Kilwa. Munira hatunaye."

Munira alikuwa dada mkubwa wa Nunu, ndiye aliyemlea.

"Wanasema mwenzio asiambiwe mpaka mfike. Mwambie anaumwa."

Ndivyo ifanywavyo. Msiba wa mbali hufichwa, ili mfiwa asafiri akiwa na nguvu.

Badru alimkuta mkewe juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Dada Munira anaumwa kidogo. Kesho alfajiri twende."

Nunu hakuinua macho. "Tangu asubuhi moyo wangu hauko sawa. Si nilikwambia? Mengine hayana haja ya kusafiri."

Badru akasema, "Huenda una haki, mke wangu."

Mkono ukasimama juu ya nazi. Tangu waoane, mwanamume huyu hajawahi kumwachia hoja, hata akiwa na homa.

Nunu aliinuka polepole, akaingia ndani, akatoa kanga zake za msibani. Machozi yalikuwa yameshamtangulia.

Badru angeweza kumweleza kwamba habari ilisafiri vizuri sana: kutoka Kilwa hadi dukani, kutoka dukani hadi kwake, ikampinda yeye kwanza ndipo ikafika. Alishika ncha ya pili ya kanga, wakaikunja pamoja.

"Nilijua," alisema Nunu.

"Ulijua," alisema Badru.