Bangili ya Susu

Nikisikia harufu ya sabuni ya kipande ikilainika ndani ya maji moto, vidole vyangu hufa ganzi. Msinicheke. Ni jambo la miaka ya tisini, kwetu Muthetheni.

Bibi yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita susu, alivaa bangili moja ya shaba. Babu aliinunua duka la Mhindi mjini Machakos alipomtoa kwao Kitui kumwoa. Mkono ulinenepa, bangili ikakwama pale pale. Akisonga ugali iligonga sufuria, nasi tukajua chakula kiko karibu.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wa Kiswahili alitueleza kwamba neno bangili lilitoka Bara Hindi, likaja na wafanyabiashara, Waswahili wakalichukua. Nilikimbia nyumbani kujigamba.

“Susu, bangili yako si ya huku. Hata jina lake ni mgeni!”

Alicheka mpaka akashika kiuno. “Hata mimi nilikuja hapa mgeni. Umeona nikirudi?”

Mwaka uliofuata alifariki. Akina mama walimwosha chumbani kwake, mimi nikiwashikia beseni. Shangazi, mtu wa kanisa kwelikweli, hakutaka kuiona ile bangili.

“Hatuwezi kumzika na vitu za uganga.”

“Wachana nayo,” Mama akasema. “Hiyo ni ya ndoa yake.”

Walipaka sabuni, wakavuta, haikutoka. Nilitaka sana ibaki, nikadhani nitaiokoa kwa elimu yangu. Nikasema si ya uganga, ni kitu cha Wahindi tu, hata jina si letu.

“Umesikia mtoto?” Shangazi akamgeukia Mama. “Kumbe hata si yetu.” Akaitisha msumeno wa chuma.

Sikulia. Nilisikia shaba ikikwaruzwa, nikatazama povu likikauka kwenye vidole vyangu. Hata kaburini sikulia, na watu wakanisifu kwamba nimekomaa.

Siku hizi kila mtu kwetu anasema bangili, na hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Susu aliishi Muthetheni maisha yake yote ya ndoa, na hakuna aliyemwambia arudi Kitui. Jibu la kumpa Shangazi alikuwa amenipa mapema, tena akicheka, nami nikaenda kuisema bangili yake kwamba si yetu.

Ninayo kwenye droo, vipande viwili. Yeye alizikwa na mstari mweupe mkononi, mahali ilipokuwa.