Siku Akina Mama Walipokataa Viti

Nakumbuka siku moja katika uwanja wa soko, mwanangu Neema, akina mama wa mji wetu walipokaribishwa viti wakavikataa. Nimekuwa nikiifikiria tangu ulipoondoka hapa kwangu Shard End jana, begi la kompyuta begani, ukikimbilia basi. Ulikuwa umeniuliza swali nikakujibu kwa haraka, na jibu la haraka ni kama sombe, kisamvu chetu, isiyoiva: hujaza sufuria, lakini haishuki kooni. Acha nilijibu upya, taratibu, kwa maandishi. Wiki ijayo utapanda ndege kwenda kule kule nilikotoka mimi na baba yako, kufundisha polisi utawala bora, na sitaki uende na jibu bichi.

Uliniuliza: "Baba mdogo, seriously, kabla ya hizi workshop zetu, watu walikuwa wanafanyaje?"

Mji wetu uko mlimani, mashariki ya Kongo. Hapa Birmingham napata karibu kila kitu cha kwetu. Sombe ipo, imegandishwa. Ndagala zipo, katika duka la yule Mtanzania wa Hodge Hill, ingawa yeye huziita dagaa, na tukibishana naye hutuambia twende tukazinunue Kongo. Kisichopatikana ni harufu ya vyote pamoja asubuhi ya soko: ndagala juani, unga wa muhogo, mikaratusi iliyonyeshewa usiku, moshi wa mahindi. Mvua ya huku hainukii kitu. Nikifunga macho jikoni, naweza kulipanga soko lile meza kwa meza, nani alikaa karibu na nani, na nani hakusalimiana na nani.

Vita vililiua soko hilo. Kila upande ulioushika mji uliweka kizuizi barabarani, mti wa mwanzi umelazwa juu ya mapipa, na vijana wenye bunduki wakiamua nani apite. Wengine hawakupita. Kisha wakubwa wakapatana, mbali na sisi. Waliokuwa wakipigana wakachanganywa, baadhi wakaingizwa polisi, wakapewa sare mpya zenye mikunjo ya kiwandani. Husemwa, wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawaongezi kwamba tembo wakipatana, hulala juu ya nyasi zile zile. Akina mama waliziangalia sare, wakaangalia nyuso zilizokuwa juu ya sare, wakaendelea kuuzia bidhaa zao milangoni mwa nyumba, kwa kujificha. Uwanja wa soko ukaota majani.

Ndipo akaletwa kamanda mpya. Alitoka magharibi ya nchi, alijua Kilingala na Kifaransa, Kiswahili hakujua hata neno. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Kilingala nilikiokota kwenye nyimbo, Kifaransa kwenye vitabu vilivyopoteza majalada, na kwa hayo mawili nikafanywa mkalimani wake. Nilitembea mjini kama mtu aliyepewa sauti ya serikali. Kamanda alitaka jambo moja: soko lirudi. Alijua kwamba mji ambao watu wake wanaogopa kuuza nyanya mchana bado uko vitani, hata kama karatasi zimesainiwa. Akaitisha baraza uwanjani, akaazima viti vya parokia, akavipanga safu kwa safu. Askari wake walisimama mstari nyuma yake.

Akina mama walikuja wengi. Wakavipita viti vile kana kwamba havikuwepo, wakakaa chini kwenye vumbi, miguu wameinyoosha mbele, vilemba wamevifungua kichwani. Hawakusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mgeni angeona wanawake maskini wanaoona haya kukalia viti. Sisi wa kule tulijua. Hivyo ndivyo wanawake wanavyokaa kwenye kilio, wakati maiti bado hajazikwa. Akishazikwa huinuka, hunawa mikono, hufunga vilemba, hurudi kwenye viti. Walikuwa wamekuja kwenye mkutano wa polisi kama mtu anavyokwenda kwenye nyumba yenye msiba.

Kamanda akatabasamu. "Waambie nashukuru kwa heshima hii, lakini wasijisumbue. Viti ni vyao."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mbele alikaa Mama Mwamini, muuza ndagala, shoga wa mama yangu Feza, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita wateja toka ng'ambo ya bonde. Akaniangalia mimi, si kamanda.

"Mutoto wa Feza. Amesema ni heshima?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye umemwambia ni nini?"

"Mimi natafsiri maneno tu, mama. Hamjasema neno."

"Aa! Ulimi wako amekodi. Na macho yako pia amekodi?"

Akina mama wakaguna. Nilihisi masikio yakiwaka moto. Nimesoma mengi tangu siku ile, peke yangu, kwenye maktaba za jiji hili, vitabu vinene juu ya nchi zilizotoka vitani, na bado sijaona swali zuri kuliko hilo kwa mtu yeyote anayekula mshahara wa kuwaeleza wakubwa habari za wadogo.

Nikamgeukia kamanda nikamweleza maana ya kukaa kule. Tabasamu likamtoka. Akauliza, "Nani amekufa?" Kabla sijatafsiri akavua kofia, akampa dereva wake bastola, akashuka kwenye kiti akakaa kwenye vumbi, miguu mbele, na suruali yake iliyopigwa pasi. Uwanja mzima ulivuta pumzi. Mimi, kwa ujana wangu, nilidhani mambo yamekwisha.

Mama Mwamini hakudhani hivyo. "Vizuri," alisema. "Lakini kukaa chini hata kuku anakaa. Mwambie aulize. Yule sajini mwenye kovu shavuni, kule nyuma yake, ndiye aliyekuwa kwenye kizuizi siku mutoto wangu Bahati alipochukuliwa. Amuulize Bahati yuko wapi."

Jina la sajini silitaji. Ana wajukuu sasa, na hawakuwa kwenye kizuizi.

Nikatafsiri. Vijana waliosimama pembeni wakaanza kelele: "Mpigeni! Mvueni sare mumpige!" Mama Mwamini akawageukia kabla hata kamanda hajafungua kinywa.

"Nani aliwaita ninyi? Mulikuwa wapi siku ile? Sitaki apigwe. Kupiga, tumeona miaka yote hii. Nataka aulizwe."

Sasa ikawa zamu ya askari kunung'unika. Mmoja akasema kwa Kilingala, kwa sauti ya kusikika, kwamba sajini akiguswa wataondoka wote na silaha zao warudi msituni. Mwanangu, haikuwa kelele ya bure. Miji mingine ilikwisha kuungua kwa neno kama hilo. Mama Mwamini akaniuliza amesema nini. Nilitamani kulimeza neno lile, lakini macho yake yalikuwa bado juu yangu. Nikalisema.

"Mwambie barabara ni pana," alijibu. "Waende salama. Bunduki tu waziache, hawakuzaliwa nazo. Ama mama zao walizaa mutoto na bunduki yake? Pole yao hao wakunga!"

Akina mama wakacheka, wakiwa bado wamenyoosha miguu kwenye msiba wao. Nilipotafsiri, askari mmoja naye akacheka, wa pili akafuata, na ule mkazo ukalegea. Hakuna aliyeondoka.

Kamanda akamwita sajini mbele. Hakumpiga kofi, hakumtukana. Akamwambia aweke chini bunduki na mkanda, kisha akauliza, pale vumbini, mbele ya watu wote: "Mtoto wa mama huyu yuko wapi?"

"Nilitumwa," sajini alijibu.

"Sikuuliza nani alikutuma," alisema Mama Mwamini. "Hao pia siku yao iko. Mimi nimeuliza mutoto wangu yuko wapi."

Hakujibu siku ile. Alipelekwa kwa mwendesha mashtaka, bila bunduki, na wenzake wakaona kwamba amefika mzima, hakuuawa njiani. Nadhani hilo liliwatuliza kuliko hotuba yoyote. Wakati wa kiangazi mahakimu walikuja, wakakaa katika darasa la shule ya msingi, madirisha wazi ili kila mtu asikie. Huko akaulizwa tena, na huko akasema: nyuma ya machimbo ya mawe. Bahati akafukuliwa, mama yake akamzika, kwaya ikaimba nyimbo alizokuwa akizipenda. Akina mama wakainuka, wakanawa mikono, wakafunga vilemba.

Siku ya soko iliyofuata meza ya Mama Mwamini ilikuwa mahali pake, majani yamelimwa kuizunguka. Kamanda alikuja kununua ndagala mwenyewe. Nilikuwa naye. Mama hakumchekea, hakumnunia. Akampimia kwa kopo lile lile alilompimia kila mtu, na kwa bei ile ile. Kamanda akangoja kidogo, labda alitazamia nyongeza. Mama akamwambia, "Sogea kidogo, mukubwa, kuna mutu nyuma yako."

Sikudanganyi kwamba yote yalinyooka. Kamanda alihamishwa, na aliyemfuata alivipenda sana viti. Jana uliniuliza pia, ukiwa tayari mlangoni: "Na kama kiongozi hataki kuulizwa?" Hilo ndilo hasa sikulijibu. Jibu ni kwamba huyo wa pili naye aliitisha baraza, na akina mama wakaja, wakavipita viti, wakaanza kufungua vilemba. Akasimama upesi, akawaomba waseme shida yao. Walikuwa wameshajua njia.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Nyoka akijivua gamba haachi kuwa nyoka. Usihesabu sare mpya kuwa polisi wapya. Ukifika, kabla hujafungua kompyuta, angalia watu wamekaaje, na usipoelewa, muulize mwenyeji, maana kuuliza si ujinga. Wakikuajiri uwasemee watu, kodisha ulimi, macho ubaki nayo. Atakayekuambia haki ni kulipiza, mkatalie. Atakayekuambia amani ni kunyamaza, mkatalie pia. Bunduki halali ni ile ambayo mwenye kuibeba anaweza kuulizwa na muuza ndagala, mchana, mbele ya watu, na akalazimika kujibu. Hayo mengine yote unayokwenda kufundisha, na ni mazuri, nimeyasoma, yajenge juu ya swali hilo.

Nenda, binti yangu. Mungu wa baba zako akutangulie kwenye kila kizuizi na ukikute kimeondolewa mti wake. Akupe masikio kabla ya cheo. Ukifika sokoni, Mama Mwamini hayupo tena, lakini binti yake anauza pale pale. Msalimie kwa jina la mtoto wa Feza, ununue ndagala, na usiombe nyongeza. Kisha urudi salama, unikute hapa dirishani na kiti chako kikikungoja, na mimi nikikungoja na maswali.