Mize na Redio ya Jaffar

Kitu cha kwanza kumshinda Jaffar kilikuwa mashine ya tiketi. Alikuwa kondakta wa basi Birmingham, Mzanzibari aliyewahi kuwa karani wa forodha kwao, mwembamba, mpenda kofia yake ya kazi ikae sawa kichwani. Jioni moja ya mwaka 1967 alirudi nyumbani Nechells akamwambia mkewe, Mize, kwamba kile kimkono cha kuzungushia tiketi kimekuwa kizito. Mize akadhani mashine imeshika kutu. Haukupita muda, vifungo vya shati navyo vikamshinda.

Daktari bingwa hakuzungukazunguka. Mishipa inayoamrisha misuli ilikuwa inakufa. Mikono itakwenda, kisha miguu, kisha ulimi, na mwisho pumzi. Akili haitaguswa. Dawa hakuna. Jaffar ndiye aliyemfasiria mkewe maneno hayo, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwatajia abiria vituo.

Mize hakulia. Hawakujaaliwa mtoto, na ndugu wote walikuwa mbali, kwa hiyo aliona kazi ni yake. Akajifunza kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji bila kumpalia. Kutwa alimweka kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni, redio mbele yake. Chini waliviona viwanda na mfereji, na Jumamosi kelele za uwanja wa mpira wa Aston ziliwafikia huko juu ghorofani.

Hofu ilimwingia kwa njia ya redio hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1969 habari zilikuwa hizohizo: mswada umepelekwa Bungeni, kwenye Baraza la Malodi, wa kumruhusu mgonjwa asiye na tumaini la kupona aombe daktari amkatishe maisha. Maaskofu walisema hivi, madaktari wakasema vile, wasikilizaji wakaandika barua kwa hasira. Kiingereza cha Mize kilikuwa cha sokoni na cha kituo cha basi, lakini neno "kufa" alilijua, na "daktari" alilijua. Alichokiona zaidi ni uso wa mumewe. Kila habari hiyo ilipoanza, Jaffar aliacha kutafuna.

"Wanasema nini?" alimwuliza siku moja.

"Mambo ya wanasiasa," Jaffar akajibu.

Hakuwahi kumjibu hivyo. Siku zote alikuwa akimfasiria kila kitu, hata matokeo ya mbio za farasi.

Aliyemthibitishia hofu hiyo ni Doreen, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwema aliyewaletea keki kila Krismasi ingawa alijua hawaisherehekei. Mama yake Doreen alikuwa amekufa kwa saratani ya koo, na miezi yake ya mwisho ilikuwa mibaya. Walikutana wakisubiri lifti. Doreen akamshika mkono akaongea polepole, ili Mize aelewe.

"Sheria hii ikipita itakuwa jambo jema, mpenzi. Mama yangu aliomba, hakuna aliyemsikiliza. Walau mtu kama Jaffar wako atakuwa na njia."

Lifti ilifunguka, Doreen akaingia. Mize alibaki pale na kikapu chake. Mtu kama Jaffar wako. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomtisha. Kama mtu mwema anaweza kumtazama Jaffar akaona mtu anayengoja njia, je, wengine? Daktari? Nesi anayekuja kumbadilisha bandeji za vidonda vya kulalia?

Tangu siku hiyo alikuwa akishtuka kila mlango ukigongwa. Vidonge vya usingizi alivihamisha kutoka kando ya kitanda, akavifunga kwenye khanga chini ya sanduku. Nesi alipokuja na sindano, Mize alimwuliza ni ya nini, akamwuliza tena, mpaka nesi akakasirika.

Kisha akasikia jambo lililomzidi. Baldev alikuwa dereva wa basi alilofanyia kazi Jaffar, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, na alikuwa akija kila akipata nafasi kumsomea rafiki yake gazeti. Kiswahili ndicho walichoongea wawili hao, wakitaniana nani kati ya mtu wa Kisumu na mtu wa Unguja anakiharibu. Mize alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Wanasema mtu mzima ataweka sahihi," Baldev alikuwa akieleza, "mbele ya mashahidi wawili. Halafu madaktari wawili waseme hii ugonjwa haiponi."

Jaffar aliuliza polepole. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito.

"Na asiyeweza kushika kalamu?"

"Hapo sijui, ndugu yangu. Hiyo gazeti haijasema."

Kisu kilimponyoka Mize. Baldev aliita, "Mama, uko salama?" naye akajibu yuko salama. Mumewe alikuwa amekwisha kufika kwenye swali la kalamu! Basi ameyawaza yote yaliyotangulia.

Kesho yake Jaffar akiwa amesinzia, Mize aliitoa redio, akaitia kabatini nyuma ya mablanketi. Alipoamka akamwambia imeharibika, imepelekwa kwa fundi. Jaffar alimtazama, kisha akageuza macho dirishani. Siku zilizofuata zilikuwa kimya, na kimya kile hakikumpunguzia Mize hofu hata chembe. Alimwamini mumewe kuwa mtu wa dini. Alimwona akisali kwa macho, akishusha kope mahali pa kurukuu. Lakini alijua pia jinsi mwili ule ulivyomdhalilisha, na hakujua dini ya mtu inaweza kubeba kiasi gani.

Asubuhi moja alikuwa akimnyoa. Povu shavuni, wembe mkononi, na swali likamtoka lenyewe.

"Jaffar, unataka kufa?"

Jaffar alingoja mpaka wembe uondoke shingoni.

"Juzi nilitaka," alisema. Maneno yalitoka moja moja. "Uliponibadilisha nguo, na Baldev yuko chumba cha pili anasikia kila kitu. Nilitaka sana. Leo sitaki."

"Na kesho?"

"Sijui, Mize. Ndicho kinachonitisha. Hao madaktari wawili watanisikiliza siku gani? Juzi, au leo?"

Mize aliuweka wembe chini.

"Na kuna jengine," Jaffar aliendelea. "Nakuona ulivyokonda. Sheria ikiwepo, naogopa nitasema ndiyo kwa ajili yako, nikuambie ni kwa ajili yangu. Na wewe utaniamini."

"Sitakuamini!"

"Utaniamini. Umechoka."

Ni kweli alikuwa amechoka, na kulikuwa na alfajiri alizoamka akaomba yote yaishe, kisha akaogopa kile alichokiomba. Alimfuta povu. Alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari bingwa, na Jaffar, asiyeweza kumshika, alimwegemezea kichwa begani.

"Kairudishe redio," alisema baadaye. "Niliamka ulipokuwa unaificha. Mguu wako wa kushoto haujui kunyata."

Mwishoni mwa Machi walisikiliza pamoja. Malodi wameukataa mswada. Mize alimtazama mumewe usoni akitafuta furaha, au huzuni, asione hii wala ile. Jaffar aliomba chai.

Kufikia majira ya joto ulimi ulikuwa umekwenda. Wakawa wanaongea kwa macho: kufumba mara moja, ndiyo, kuyaacha wazi, hapana. Novemba akashikwa na kichomi, wakampeleka hospitali. Daktari kijana alimwita Mize ukumbini, uso wake umechoka, akamwuliza kwa upole kama wampe dawa ya kuua vijidudu, au wamwache apumzike.

Hapakuwa na sheria yoyote, na swali lilikuja vilevile, tena kwake yeye.

Alirudi kitandani, akainama. "Jaffar, unataka dawa?"

Macho yakamwangalia, kisha yakafumba, yasifunguke. Amesema ndiyo, au amelala tu? Mize alingoja mpaka akaona hawezi kungoja zaidi. "Mpeni," akamwambia daktari.

Alipona kichomi. Aliishi mpaka Januari, akafa adhuhuri, Mize akimsomea Yasini.

Mize hakuondoka Nechells. Alipata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja ya wagonjwa Aston, na waliomjua walisema hakuna aliyekuwa na subira kama yeye na wale wasioweza kusema. Mwaka 1976 mswada mwingine ukaja Bungeni, redio zikaanza tena. Doreen, ambaye sasa alikuwa akitembelea fimbo, alimwuliza siku moja anaonaje safari hii, yeye aliyeyaona kwa macho yake.

"Naogopa," Mize akasema.

"Sheria ikipita?"

"Ikipita. Na isipopita pia."

Lifti ilikuwa mbovu. Mize akachukua mfuko wa Doreen pamoja na wake, wakaanza kupanda ngazi, wakipumzika kila ghorofa.