Selina na jiwe lililokuwa likisogea Kirumba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Selina Luhende amepiga magoti juu ya mlima wa mawe, Kirumba, jijini Mwanza. Anafunga kwenye mwamba kifaa kinacholingana na tofali. Anawahi jua, kwa sababu jiwe likipata joto hutanuka na kuvuruga vipimo.

Kifaa hicho huugawa mwanga wa leza. Sehemu moja hubaki ndani, nyingine huvuka ufa unaolitenga jiwe na mwamba na kurudishwa na kioo kilichobandikwa ng'ambo. Zikikutana tena, huchora mistari ya mwanga na giza kwenye skrini. Ufa ukitanuka hata chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, mistari huhama.

"Kwa macho utasema jiwe limetulia," anasema fundi huyu wa miaka 34, mzaliwa wa Bujora, aliyetengeneza hadubini za hospitali miaka minane kabla ya kuajiriwa na kampuni ya upimaji.

Machi mwaka huu alipima jiwe lililoning'inia juu ya nyumba sita. Wiki ya kwanza ilihama mistari 40. Wiki ya tatu, 900.

Aliteremka kuwaomba wakazi wahame. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea na shughuli zao. Mzee Mayala Shimba, 71, alimweleza kwamba hata baba yake alilikuta jiwe hilo hapo.

Selina hakubishana. Alimwomba mzee wapande wote, alisukume jiwe kwa kiganja huku akitazama skrini. Mistari ikahama. Alipoondoa mkono, ikarudi.



"Kumbe hata mkono wangu linausikia," alisema mzee.

Siku hiyohiyo alihamisha familia yake. Majirani wakamfuata.

Siku tano baadaye, mchana wa mvua kubwa, jiwe liliporomoka na kubomoa nyumba tatu, ya mzee ikiwamo. Kati ya watu 31 waliokuwa wakiishi pale, hakuna aliyepata hata mchubuko.

"Nyumba nitajenga nyingine," anasema Mzee Mayala, ambaye sasa anaishi kwa binti yake, Rebeka. "Wajukuu wangu wote wapo."

Selina anasema alipopata habari alikaa chini, kwenye tope, akalia kwa furaha.

Sasa uongozi wa mtaa umemwomba apime mawe mengine kumi na moja, na anawafundisha kina mama wawili wa hapo kusoma skrini. Anataka kazi ikamilike kabla ya masika yajayo.

"Siwezi kuyazuia mawe yote," anasema. "Ila litakaloanguka, lisimkute mtu chini."