Takataka za Aina Mbili

Mwaka 2003 nilikuwa karani wa kompyuta katika zahanati moja mjini Machakos, upande wa kupima Ukimwi. Siku ya kwanza niliapa kwamba siri ya mgonjwa nitakufa nayo. Niliona ni rahisi, maana matokeo yenyewe nilikuwa siyaoni. Kasyoki, fundi wetu, alikuwa ameyafunga kwa programu ya kusimba data aliyoitoa kwenye mtandao, inayokata maneno vipande na kuvivuruga kimoja kimoja. Akajigamba, "Hata Wamarekani hawafungui hii." Kwangu, mbele ya kila jina la mgonjwa, zilitokea herufi za takataka tu, za kunakili kwenye disketi.

Lakini jamani, mimi si mjinga. Takataka zenyewe zilikuwa za aina mbili tu! Jibu lilelile lilitoa herufi zilezile kila mara, na wote wenye zile zilizoanza na Qz walirudi kila Alhamisi kuchukua dawa. Nikamwambia Kasyoki. Akacheka, akaniambia niendelee kupiga taipu.

Jumatatu moja nikanakili jina la Ndunda wa Matuu, mchumba wa dadangu Ndunge. Qz.

Jioni Ndunge akapiga simu, furaha tele. "Ndunda amesema amepimwa huko kwenu na yuko sawa. Harusi ni Desemba! Nzisa, kama ungekuwa unaona kitu ungeniambia, ama?"



"Hiyo kompyuta imefungwa," nikasema. "Mimi siwezi ona kitu."