Kabureta Mkobani

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kiti cha abiria. Mume wangu aliendesha, mimi nikakaa kando na mkoba mapajani, tukaenda alikotaka yeye, saa aliyotaka yeye. Alipofariki aliniachia pikapu. Wanangu wawili walidhani nitaiuza. Nikaenda Nyeri mjini kujifunza udereva pamoja na vijana walionicheka kila gari lilipozimika kilimani. Wacheke. Leseni nilipata, na tangu siku hiyo sijamwomba mtu lifti.

Kwa hiyo kabureta ilipoharibika mwaka jana, sikuwa nahangaikia kipande cha chuma tu. Fundi wangu pale Giakanja aliifungua, akaiosha, akaifunga, akaifungua tena.

"Hii imeisha, mama. Labda niifunge na maombi. Tafuta ingine."

Akanipa ile kuukuu niende nayo kama sampo, maana bila sampo hakuna mwenye duka la spea atakayekusikiliza. Nikaizungushia gazeti, nikaitia mkobani.

Nyeri nilimaliza maduka yote ninayoyajua. Katika lile la mwisho muuzaji aliigeuza mara moja tu, akanirudishia.

"Shosho, hii haikuji siku hizi. Watu wanaenda kwa magari za stima. Hata hizo spea zingine, ngoja tu, utazitafuta na tochi."

Kwanza, mimi si nyanya yake. Pili, hayo magari ya umeme, nani alituuliza? Barabara zetu bado zimejaa magari ya petroli, maziwa na viazi vyetu vinabebwa na hayo hayo, lakini mtu mahali fulani ameshaamua kwamba sisi tumepitwa. Nilitoka pale nikiwa nimefura. Nanyuki waliniambia yale yale, kwa adabu zaidi. Wiki hiyo mkoba wangu ulinuka petroli hata kanisani, na jirani yangu wa benchi akahamia mbele.

Baada ya ibada nilimkuta mwanangu mkubwa nyumbani, amekuja kutoka Nairobi na gari lake jipya la umeme. Gari zuri, sitasema uongo. Lilikuwa limeingia kimya, hata kuku walikuwa wanadonoa chini yake bila wasiwasi. Akanifungulia mlango wa kushoto ili anizungushe kidogo.

"Mum, uza hiyo pikapu. Spea zinaisha. Ukitaka kwenda mahali, utatuambia tu."

"Eeh, utatuambia tu," mdogo wake, aliyekuja naye, akaitikia.

Walisema kwa upendo, najua. Lakini nilikitazama kile kiti cha abiria, nikajiona nimekaa tena na mkoba mapajani, nikisubiri mtu apate nafasi. Niliogopa kwelikweli. Nikaufunga ule mlango nikaingia jikoni kuwapikia chai.

Kesho yake nikaenda Kerugoya. Nyuma ya duka moja la spea, katikati ya nyasi, kulikuwa na pikapu kama yangu kabisa, imegongwa nyuma, haina hata viti. Mwenye duka akainua boneti. Kabureta ilikuwa pale, imejaa utando wa buibui. Alipochukua spana nikamshika mkono.

"Usifungue. Nataka yote."

"Yote? Lakini mathe, hii haitembei."

"Yangu ndiyo itatembea."

Ililetwa juu ya lori, nikaiweka mbele ya nyumba, palipokuwa na maua, kila anayepita aione. Fundi akatoa kabureta, akaisafisha, akaifunga kwenye yangu. Pikapu ikakohoa, ikatoa moshi, kisha ikanguruma vizuri.

Wanangu walipokuja tena walisimama wameshika viuno.

"Mum, sasa umenunua gari ingine mbovu?"

"Hiyo si gari. Hiyo ni duka. Na hapo hakuna mtu ataniambia haikuji."

Mkubwa alicheka, kisha akauliza kwa upole, "Na spea za hiyo zikiisha?"

Nilikuwa nimeshapanda, mkoba nimeutupa kwenye kiti cha abiria. Nikawasha gari.

"Zikiisha, nitawaambia tu."